Kwadi mpya ya bei nafuu: kuifunga tokea boksini mpaka iwake, na pa kutizama ikigoma

Naandika haya kwa sababu watu wanakwama pahala pale pale. Kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, imetoka bandarini Malindi hapa Unguja, au kwa wenzetu wa Pemba imeshushwa Mkoani, boksi linafunguliwa jioni, vijana wanaizunguka, magurudumu yanapachikwa haraka haraka, petroli inatiwa, kitufe cha stata kinabonyezwa, basi ama kimya, ama inazunguka tu haiwaki, ama inawaka vizuri halafu ikishaingia njia ya mawe gurudumu la mbele linaanza kucheza. Neno linalofuata ni "nimeuziwa kibovu".

Mara nyingi si kibovu. Hizi kwadi za bei nafuu za Kichina kiwandani zinafungwa ili zisafiri, hazifungwi ili ziendeshwe. Kukaza bolti, kutia maji ya betri, kubadilisha oili, kupima breki, yote hayo ni kazi ya muuzaji, na huku kwetu muuzaji anakukabidhi boksi na ufunguo. Kwa hiyo kazi imehamia kwako, na inataka mpangilio.

Nazungumzia khasa zile za 110cc na 125cc zenye cheni, ndio nyingi. Za 150cc zenye injini ya GY6 na mkanda ndani zinafanana kwa mambo mengi, pale zinapotofautiana nitasema.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujakata boksi

Usianze ukiwa na spana mbili za kuazima, utaishia kukaza nusu nusu.

- Spana na soketi za 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19, na soketi kubwa ya nati za habu, yaani kitovu cha gurudumu (pima yako kwanza ndio ukatafute)
- Spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kama huna azima kwa fundi wa gari
- Bisibisi, koleo, funguo za alen
- Mita ya umeme, hata ile ya bei rahisi, maana bila ya mita utakuwa unabahatisha tu
- Chaja ndogo ya betri isiyozidi ampea 1
- Gundi ya bolti ya rangi ya buluu, ile inayofunguka kwa spana. Nyekundu usiinunue
- Grisi, na splitipini (vipini vya kuzuia nati isifunguke) za akiba
- Oili ya pikipiki ya 4-stroke lita 1 na zaidi, 10W-40 au 20W-50
- Pampu ya baiskeli na geji ya upepo inayosoma kiwango cha chini, psi 0 mpaka 10
- Plagi ya akiba. Nyingi za 110 na 125 zinatumia saizi ya A7TC, badala yake chukua NGK C7HSA
- Miwani, glavu za mpira na ndoo ya maji safi kwa ajili ya kazi ya betri

Boksi lenyewe ni fremu ya chuma. Uwe na mtu wa kukusaidia kunyanyua na tafuta pahala pa sakafu, mchanga ukiingia kwenye habu iliyo wazi beringi haitokaa.

## Hatua 1: Toa kila kitu, kisha tizama

Kabla ya spana yoyote piga picha za pande zote, khasa nyaya na kebo zilivyopita. Ukija kukuta kitu kimevunjika utakuwa na ushahidi kwa muuzaji, na ukichomoa waya utajua ulikuwa wapi.

Toa vifuniko vya plastiki na sponji zote za safari. Tizama ndani ya bomba la filta ya hewa na ndani ya tangi, maana karatasi au kipande cha sponji kikibaki humo injini haitopumua na utahangaika na kabureta bure. Mulika tangi kwa tochi, ukiona kutu au vumbi lisuuze kwa petroli kidogo, umwage, urudie.

Umemaliza hatua hii pale kila bolti ya kwenye mfuko unaijua inakwenda wapi.

## Hatua 2: Betri, na ianze leo hii hii

Naitanguliza kwa sababu inataka masaa, na kwa sababu hapa ndipo watu wanapoua betri mpya siku ya kwanza.

Betri nyingi zinakuja kavu, asidi iko pembeni kwenye chupa zenye midomo sita. Ifanyie kazi nje kwenye hewa, miwani na glavu zivaliwe, watoto wasogee mbali. Asidi ikikugusa mwaga maji mengi hapo hapo, ikiingia jichoni suuza kwa maji mfululizo huku mtu anakutafutia hospitali.

Bandua karatasi ya juu ya betri, pindua chupa zote sita kwa pamoja juu ya matundu, ziache ziingie zenyewe. Usizikamue. Zikishaisha kabisa iache betri ikae nusu saa angalau ndio uzibe, ili asidi inywewe na sahani za ndani. Ile yenye mistari miwili ya kiwango ubavuni unatia mpaka mstari wa juu, na siku za mbele ikipungua unaongeza maji ya betri yasiyo na chumvi, sio asidi, na wala sio maji ya mfereji.

Sasa chaji. Watu wanaitia betri moja kwa moja kwenye chombo kwa kuwa mita inasoma volti 12 na ushei, lakini betri iliyotiwa asidi sasa hivi haijajaa hata kama inawasha taa. Tia chaji ndogo, sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, yaani betri ya 5Ah inataka ampea 0.5, iache masaa kadhaa. Chaja kubwa ya gari inaichemsha na kuipinda sahani. Umeme ukikatika katikati usijali, ukirudi endelea.

Ikishatoka kwenye chaji iache saa moja au mbili ndio upime. Volti 12.6 mpaka 12.8 imejaa. Chini ya 12.4 irudishe.

Wakati wa kuifunga anza na nyekundu, malizia na nyeusi. Kufungua ni kinyume chake. Ukianza na nyeusi, spana ikiteleza kwenye nyekundu ikagusa fremu utaona cheche za kutisha.

## Hatua 3: Mikono ya mbele, shokapu na habu

Nyanyua mbele, weka vigogo imara chini ya fremu, sio chini ya injini. Funga shokapu, bolti zote ziingie kwa mkono kwanza, halafu ndio ukaze. Bolti isiyoingia kwa mkono imekaa upande, ukiilazimisha kwa spana utaharibu uzi.

Hapa kila bolti tia tone la gundi ya buluu. Injini ya silinda moja inatetemeka, na njia zetu za mawe ya matumbawe, kama zile za kuingilia mashamba ya Makunduchi au za Micheweni, zinafungua nati isiyokuwa na gundi bila ya wewe kuhisi. Bolti za milimita 8 kaza kama Nm 20 mpaka 25, za milimita 10 kama Nm 40 mpaka 45, isipokuwa kitabu kikisema vyengine.

Nati kubwa za habu, mbele na nyuma, ndizo za kuzitizama kuliko kitu chochote humu. Zile zenye mikato lazima zipitishwe splitipini, na splitipini ikunjwe miguu yake yote miwili. Kwadi nyingi zinakuja na splitipini imetiwa lakini haikukunjwa, au nati imekazwa kwa vidole tu. Ukiendesha hivo, gurudumu linatoka na habu yake ukiwa njiani. Ikunje kwa koleo, kisha ishike na uhakikishe haichezi.

Tairodi nazo, zile fimbo za kugeuzia magurudumu ya mbele, na boljointi zake zina nati, kagua mpaka ya mwisho.

## Hatua 4: Magurudumu na upepo

Matairi yana mshale wa upande wa kuzunguka, yapange mbele na nyuma, kulia na kushoto, kabla hujafunga hata moja. Nati za gurudumu zina upande uliochongwa, upande huo unaingia ndani kwenye rimu. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, ili gurudumu likae sawa.

Sasa upepo, na hapa sikilizeni vizuri. Tairi la kwadi sio la vespa. Kiwango chake kimeandikwa ubavuni, kwa nyingi ni psi 3 mpaka 5 hivi, ni kidogo mno. Ukilipeleka sheli likajazwa psi 30 kama la honda linaweza kupasuka usoni kwa anayejaza, na lisipopasuka kwadi itakuwa inaruka kila jiwe na usukani hauna mshiko. Tumia pampu ya baiskeli na ile geji ya chini. Kulia na kushoto zilingane, tofauti ya psi 1 tu inatosha kukuvuta upande.

## Hatua 5: Usukani na kebo ya mafuta

Funga usukani, kaza vishikizo vyake sawa mbele na nyuma. Halafu pitisha kebo na nyaya kama zilivyo kwenye picha ulizopiga.

Jaribio ni hili: geuza usukani mpaka mwisho wa kushoto, bonyeza kidude cha mafuta cha dole gumba, achia. Kirudi chenyewe kwa nguvu, tak. Geuza kulia, fanya tena. Kikirudi pole pole au kikikwama, kebo imebanwa au imekunjwa pahala. Usiwashe mpaka ulimalize hili, maana mafuta yakikwama wazi mtu anaingia ukutani.

Kwenye kile kidude pana skrubu ndogo ya kuzuia mafuta yasifunguke yote. Kama chombo ni cha kijana anayejifunza iingize ndani. Watu wengi wanalalamika kwadi haina mbio kumbe skrubu hii imeingizwa kiwandani.

## Hatua 6: Breki

Za kebo: rekebisha nati ya kebo mpaka gurudumu lizunguke huru ukiachia na lishike kabisa ukibana nusu ya njia. Za maji: tizama kiwango kwenye kikombe, bana mara kadhaa, mkono uwe mgumu. Ukiwa laini una hewa ndani, toa hewa kwa maji ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, na usiyaache yakamwagikia rangi kwani yanaila.

Imefaulu pale watu wawili wanaisukuma na wewe umebana, haiendi.

## Hatua 7: Cheni, na kunyoosha mbele

Cheni ikibonywa katikati icheze kama milimita 20 mpaka 25. Ikibana sana inakula beringi na sproketi, ikilegea inaruka.

Mbele: nyoosha usukani, pima kwa futi umbali baina ya katikati ya matairi mawili upande wa mbele, kisha upande wa nyuma wa matairi hayo hayo, kwa urefu mmoja kutoka chini. Mbele pawe pafupi kwa milimita 5 hivi. Haikukaa hivo, legeza nati za tairodi, zungusha pande zote mbili sawa sawa, kaza tena. Dakika 10 za kazi hii zinaondoa ule mchezo wa kwadi kutangatanga njiani.

Keria, bampa na plastiki malizia hapo, hazina utaalamu.

## Hatua 8: Oili na petroli

Oili iliyokuja ndani usiiamini, mwengine anaikuta imejaa, mwengine anakuta tone. Mwaga, tia mpya. Za 110 na 125 zinachukua kama lita 0.8 mpaka 0.9. Tumia ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na oili nyingi za gari zina dawa ya utelezi inayoifanya klachi iteleze. Kupima, futa kijiti, kichovye bila ya kukikaza, soma. (GY6 ina oili mbili, ya injini na ya giya za nyuma, kagua zote.)

Na hili nalisema kwa wote tuliokulia na vespa: usichanganye oili kwenye petroli. Vespa zetu za zamani ni 2-stroke, zinataka mchanganyo. Kwadi hizi ni 4-stroke, oili yake iko chini kwenye injini. Ukichanganya inatoa moshi, plagi inanuka na kuwa nyeusi, halafu unaambiwa ringi zimekwisha kwenye chombo kipya.

Petroli iwe ya sheli, ya leo, sio ya dumu lililokaa barazani tangu kabla ya masika. Chuja. Fungua koki ya tangi, subiri dakika moja, tizama kama panavuja kwenye mipira.

## Hatua 9: Kuwasha

Kwadi hizi zina kinga nyingi za kuzuia isiwake ovyo, na moja tu ikikosekana stata inanyamaza. Pitia kwa mpangilio huu:

1. Ufunguo umefunguliwa
2. Swichi nyekundu ya kushoto iko upande wa kuwasha
3. Kile kikamba cha nyuma cha kuzimia kimechomekwa mpaka ndani
4. Giya iko N, yaani huru
5. Breki imebanwa, tena ya kushoto khasa
6. Alamu ya rimoti, kama ipo, imefunguliwa

Vuta choki, usiguse mafuta, bonyeza stata sekunde 5 zisizidi, pumzisha, rudia. Mara ya kwanza petroli inachukua muda kufika. Ikiwaka iache ipate joto, rudisha choki pole pole, rekebisha skrubu ya mngurumo mpaka itulie bila ya magurudumu kutaka kuondoka.

Geuza usukani kushoto na kulia ikiwa inanguruma. Sauti ikipanda yenyewe, rudi hatua ya 5.

Kisha mita kwenye betri, ongeza mafuta kidogo: volti 13.5 mpaka 14.5 inachaji. Ikibaki 12 na kitu, haichaji, ujue mapema.

## Hatua 10: Masaa ya mwanzo

Usiibane mpaka mwisho, na usiiendeshe mbio moja tu muda mrefu, panda na kushuka. Baada ya saa ya kwanza izime, ipoe, halafu zunguka na spana nati zote tena, utashangaa ngapi zimelegea. Oili ya kwanza imwage mapema, baada ya masaa machache ya kazi, utaiona inametameta kwa vumbi la chuma, ni kawaida kwa injini mpya.

Na mshikaki hapana. Ekseli ya nyuma ya kwadi hizi ni moja nzima, magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja, kwa hiyo kwenye kona ya lami inagoma kukata na inapenda kunyanyuka. Mtu mmoja, helmeti, mwili uinamie ndani ya kona.

## Ikigoma

Bonyeza stata, kimya kabisa. Rudi kwenye kinga sita, kisha fyuzi karibu na betri. Alamu nazo zinaleta hili sana, chomoa kiboksi chake na ujaribu.

Inasema "tik" haizunguki. Betri au vichwa vya betri. Weka mita, bonyeza stata: volti zikianguka chini ya 9.6 betri haina nguvu. Zikibaki juu ya 12, kagua rilei ya stata na waya mweusi unaofungwa kwenye fremu, mara nyingi umefungwa juu ya rangi. Kwangua rangi, funga tena.

Inazunguka haiwaki. Usibadilishe kitu, tafuta kwanza ni moto au ni mafuta. Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, egemeza chuma chake kwenye injini mbali na tundu la plagi na petroli, zungusha. Cheche ya buluu, moto upo. Hakuna, jaribu plagi ya akiba, kaza kofia, kagua kile kikamba cha kuzimia na soketi za nyaya za CDI (kiboksi cha kuleta cheche) na koili, nyingi zimechomoka nusu tu.

Moto ukiwepo, fungua skrubu ya chini ya kabureta juu ya kikombe. Petroli itiririke. Haitoki, koki, mpira uliokunjika au filta.

Vyote vipo na haiwaki? Itizame plagi. Imeroa, umeizamisha kwa petroli: rudisha choki, fungua mafuta yote, zungusha sekunde chache. Kavu, petroli haivuki kabureta.

Inawaka kwa choki tu. Hewa nyingi, petroli kidogo. Ama mpira baina ya kabureta na injini haukukazwa, ama tundu dogo la ndani ya kabureta limeziba kwa uchafu wa safari. Kaza mpira kwanza. Kisha fungua bakuli la kabureta, toa jeti ndogo, pulizia, mulika uone mwanga upande wa pili. Usiingize waya wa chuma, utalipanua.

Inakwenda dakika kadhaa kisha inakufa, baadae inawaka tena. Legeza kifuniko cha tangi. Ikiendelea vizuri, tundu la hewa la kifuniko limeziba.

Inakoroma ukifungua mafuta ghafla. Choki imebaki juu, au filta ya hewa imelowa oili kwa sababu umejaza oili kupita kiasi.

Giya haiingii kwenye N, F (mbele) au R (nyuma). Shusha mngurumo, kisha rekebisha urefu wa fimbo ya giya. Usibadilishe giya ikiwa inatembea.

Ngumu kuwaka asubuhi hata kila kitu kiko sawa. Valvu. Za 110 na 125 zinataka nafasi ya milimita 0.05, injini ikiwa baridi, na zinabana baada ya masaa ya mwanzo. Kama hujawahi kupima valvu mpe fundi wa pikipiki na mtajie hiyo namba.

## Chumvi

Wa Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani, hii ni yenu. Ukitoka ufukweni ioshe kwa maji baridi siku hiyo hiyo, chini kwanza, sio mashine ya presha kwenye beringi na soketi za nyaya. Kausha, paka cheni oili kidogo ufute ya juu, maana iliyobaki inashika mchanga na mchanga unasaga sproketi. Soketi za umeme zifungue moja moja, tia grisi kidogo, funga. Na ikikaa wiki mbili bila ya kazi, funga koki na mwaga petroli iliyo kwenye bakuli la kabureta.